Kabla hujatia makaa mdomoni: mwongozo wa mpambaji wa Mombasa

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Leo niko Kibokoni, kesho Majengo, keshokutwa navuka feri na sanduku langu kwenda Likoni. Kazi hii huniweka karibu na uso wa mtu kuliko mtu mwingine yeyote siku hiyo, na ndiyo maana naanza kuandika kuhusu meno badala ya wanja na piko.

Kulikuwa na bibi harusi mmoja. Alifungua kinywa nimpake rangi ya mdomo, nikaona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umefuata fizi zake za juu kutoka chonge hadi chonge. Nikadhani wanja wangu umemdondokea. Nikafuta kwa pamba yenye maji, wapi. "Ni makaa, dada," akaniambia, huku ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Alikuwa amesugua unga wa makaa asubuhi na jioni siku 12 mfululizo, kwa kuwa kaona kwenye simu msichana mwenzake kafanya hivyo akatoka na meno kama lulu. Na kwa haki, meno yake yalikuwa yameng'aa kidogo. Ila mama yake alipomletea maji ya dafu ya baridi, alikunywa fundo moja akafumba macho na kushika shavu.

Tangu hapo nimekuwa mdadisi. Kila daktari wa meno niliyekaa naye kwenye kiti, yeye ana koleo mkononi mimi nina maswali. Niliyoyapata ndiyo haya, nimeyapanga kwa hatua, kama ninavyowaambia wanaokuja kwangu mapema.

Hatua ya kwanza: jua ni makaa gani uliyoshika

Jina ni moja, vitu ni vitatu.

Kuna makaa ya jikoni, yale ya guniani, yaliyotwangwa na kuchungwa kwa kitambaa. Bibi zetu waliyatumia kwa kidole pamoja na chumvi. Mtu akikwambia "mbona bibi alizikwa na meno yake yote", usimbishie, ila mkumbushe kuwa bibi hakunywa soda kila mchana, na kidole si brashi ya nailoni. Makaa haya yana majivu, yana mchanga wa tanuri, na chembe zake hazilingani, hii unga, hii kokoto. Usiyatie mdomoni. Hapo sina mjadala.

Kuna makaa amilifu, unga mweusi laini unaouzwa kwenye vikopo. Hapa sisi wa Pwani tuna haki ya kujivuna kidogo, maana vifuu vya nazi ni miongoni mwa malighafi zake bora. Kifuu huchomwa bila hewa hadi kiwe kaa, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto kali sana, hata kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Mvuke ule hutoboa vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, vingi mno: gramu moja tu, ambayo haijazi kijiko cha chai, ikipimwa kuta za vitundu vyake vyote hutoa eneo linalozidi meta 500 za mraba. Uwanja wa mpira wa kikapu ni meta 420. Sumu ikipita hapo hunata. Kwa hiyo hospitalini mtu mzima aliyemeza baadhi ya sumu huweza kunyweshwa gramu 50 zilizokorogwa kwa maji, na saa ya kwanza ndiyo yenye faida zaidi.

Wauzaji wamechukua sifa hiyo ya tumboni wakaihamishia kwenye jino. "Yanavuta sumu, basi yatavuta na madoa." Sivyo yanavyofanya kazi. Sumu tumboni inaelea majimaji, inakutana na makaa kila upande. Doa la kahawa limegandamana na jino, na wewe unapiga mswaki dakika mbili kisha unatema. Kinachoondoa doa hapo zaidi ni ule ukwaruzaji, kazi ile ile ya makumbi na majivu kwenye sufuria. Na sufuria hung'aa kweli. Lakini ile ya mama yangu ya kupikia wali, iliyosuguliwa kwa majivu miaka nenda miaka rudi, ukiiinua juani unaona nyota. Sufuria unakwenda Marikiti unanunua nyingine.

Cha tatu ni dawa ya meno iliyotiwa makaa, ya bomba kama dawa nyingine. Hii ni afadhali kuliko unga, kwa sharti moja nitakalolieleza mbele.

Hatua ya pili: tafuta doa lako limekaa wapi

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Simama na kioo karibu na dirisha asubuhi, taa ya umeme inadanganya. Vuta midomo, tazama meno ya mbele kwa nje, halafu geuza kichwa na kijikioo kingine utazame nyuma ya meno ya chini.

Jino lina gamba la nje, liitwalo enameli, gumu kuliko mfupa, karibu asilimia 96 yake ni madini. Pale lilipo nene kabisa halizidi sana milimita 2.5, na karibu na fizi ni jembamba kama karatasi. Gamba hili si jeupe kama chokaa, linapitisha mwanga kama kioo chenye ukungu. Chini yake kuna dentini, na rangi ya dentini kwa asili ni manjano. Kwa hiyo rangi unayoiona kwenye jino ni dentini ya manjano inayoonekana kupitia gamba. Shika hilo.

Kuna madoa yanayokaa juu ya gamba. Kahawa tungu ya barazani, chai ya rangi, sigara, tambuu, muguka ule wa kutafuna. Rangi yake ni hudhurungi au nyeusi, hukaa kwenye mianya na nyuma ya meno ya chini, na hayajagawanyika sawasawa. Haya makaa yanaweza kuyapunguza. Mara nyingi pia huwa yamepakwa juu ya ukoga uliogeuka jiwe, na ukoga wa namna hiyo hautoki kwa makaa, wala kwa mswaki, wala kwa dua. Huondolewa na chombo cha daktari.

Na kuna rangi iliyo ndani. Meno yote ya manjano kwa usawa, kuanzia juu hadi chini, ni dentini inaonekana. Umri hufanya hivyo, na wengine wamezaliwa hivyo. Mabaka ya hudhurungi au meupe kama chaki tangu utotoni mara nyingi ni ya madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji. Mombasa tunao jamaa wengi waliokulia Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima vingi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mistari ya kijivu iliyokata meno kama mshipi huenda ni tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, aliyopewa mtoto kabla ya miaka 8 au mama yake akiwa mjamzito. Jino moja peke yake limegeuka jeusi au la kijivu, uliza ulianguka lini. Mshipa wake huenda umekufa.

Rangi ya ndani makaa hayaifikii. Sugua uwezavyo. Na hapa pana kichekesho kisichochekesha: ukisugua sana, gamba linapungua, na gamba likipungua ile manjano ya chini inazidi kuonekana. Mtu anasugua zaidi kwa kuwa meno yamezidi manjano, na meno yanazidi manjano kwa kuwa anasugua. Enameli haioti tena kama ukucha.

Hatua ya tatu: jiangalie kama wewe si wa kuyaacha kabisa

Ukila embe bichi au ukinywa baridi meno yanakufa ganzi upesi, acha. Fizi zimeshuka hadi mizizi inaonekana, acha, kwa sababu mzizi hauna enameli kabisa. Una jino la mbele lililozibwa, au kofia ya jino, au nyaya za kunyoosha meno, acha pia: chembe za makaa huingia kwenye kiungo kati ya kizibo na jino zikachora mstari mweusi ambao hata mimi na rangi zangu siwezi kuuficha. Kofia na vizibo vyenyewe havibadiliki rangi kwa kusugua, vinachubuka tu. Watoto, hapana. Mwenye pumu asikaribie unga unaopeperuka.

Na neno moja kwa wale wanaoyanywa, maana nimeona mtindo wa kukoroga makaa kwenye maji "kusafisha mwili". Makaa hayachagui. Yanashika sumu, yanashika na dawa yako ya presha, ya kifafa, na vidonge vya uzazi wa mpango. Bibi harusi anayemeza vidonge na kunywa makaa anaweza kupata zawadi ambayo hakuipangia. Makaa yanayomezwa kwa bahati mbaya wakati wa mswaki ni kidogo sana, lakini tema, usimeze.

Hatua ya nne: ukishikilia kuyatumia, yatumie hivi

Nimewaambia wangapi waache, wakaenda kununua mtaa wa pili. Basi bora niseme namna ya kupunguza madhara.

Chukua ya bomba, acha ya unga. Lile sharti nililoahidi ni floridi. Geuza boksi usome nyuma: tafuta neno floridi na namba kati ya 1,000 na 1,500, yaani sehemu kwa milioni. Dawa nyingi za makaa hazina. Kampuni huandika "asilia" kwa maandishi makubwa mbele, na kutokuwepo kwa floridi wanakuuzia kama fadhila, ilhali floridi ndiyo inayolilinda jino lisitoboke. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ukiacha dawa yako ya kawaida miezi mitatu ukatumia makaa matupu, unaweza kupata meno meupe yenye matundu.

Kabla ya kutia mdomoni, weka tone kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada, ufikiche polepole. Ukisikia chembe kama mchanga wa Nyali, tupa. Usiposikia kitu haina maana ni salama, ila umeondoa zile mbaya kabisa.

Mswaki uwe laini, ulioandikwa laini. Dawa kiasi cha punje moja ya mbaazi. Shika mpini kwa ncha za vidole kama unavyoshika kalamu, si kwa ngumi, kwa sababu mkono wenye ngumi hauna breki. Zungusha miduara midogo, jino kwa jino, usikate kushoto na kulia kama msumeno. Dakika mbili zinatosha. Tema, sukutua mara tatu au nne hadi maji yatoke meupe, halafu pitisha uzi wa meno kwenye mianya, kwa sababu makaa hupenda kujificha hapo. Kama dawa yako ya makaa haina floridi, usilale bila kupiga mswaki kwa ile yenye floridi, na hiyo usiisukutue sana. Tema tu uiache ifanye kazi.

Usipige mswaki wa namna yoyote, sembuse makaa, ukitoka kula vitu vikali. Juisi ya ukwaju, ndimu, embe na pilipili pale ufukweni, achari, soda. Asidi ikishusha mdomo chini ya kiwango cha 5.5 kwenye kipimo cha pH, gamba huanza kulainika, na kulisugua wakati huo ni kulimenya. Sukutua kwa maji, ngoja angalau nusu saa, mate yafanye kazi yao. Kwa sababu hiyo hiyo, ile fomula ya makaa na ndimu inayosambazwa kwenye simu ndiyo mbaya kuliko zote. Imechanganya kilainishi na kikwaruzo kwenye kijiko kimoja.

Mara ngapi? Mimi husema mara moja kwa wiki, wiki nne, basi. Ikiwa doa halijatoka kwa wiki nne, si doa la kutolewa na makaa.

Mambo ya nyumbani: fanya kabla hujavaa. Makaa kwenye kanzu nyeupe ya Ijumaa ni ugomvi wa familia. Sinki lioshe papo hapo, makaa yakikauka yanaingia kwenye nyufa za vigae.

Hatua ya tano: dalili za kusimama hapo hapo

Maji ya baridi yanachoma kuliko mwezi uliopita. Fizi zinatoa damu mahali ambapo hazikuwa zikitoa. Mstari mweusi kwenye fizi haujaondoka baada ya siku mbili za mswaki wa kawaida na uzi. Ncha za meno ya mbele zimeanza kupitisha mwanga, ukiweka kidole nyuma yake unaona kivuli. Ukiona moja, usingoje la pili.

Msidhani kwamba mimi ni mwoga tu. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya makala 118 kuhusu makaa ya meno, na waandishi wakasema ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kwamba yanafanya yanayodaiwa wala kwamba ni salama. Wakataka madaktari wawatahadharishe wagonjwa.

Kama una tarehe ya harusi

Hesabu kurudi nyuma. Miezi miwili kabla, nenda ukasafishwe meno kwa daktari. Hii ndiyo siri yangu isiyo siri. Wengi wanaoniomba "kitu cha kung'arisha" wakitoka kusafishwa ukoga na madoa, wanakuta hawahitaji tena kitu kingine, meno yao yalikuwa meupe yamefunikwa.

Wakihitaji zaidi, daktari ndiye mwenye peroksaidi, dawa ya kung'arisha meno. Hiyo hupenya gamba na kufikia rangi iliyo ndani, kitu ambacho makaa hayawezi. Njia iliyozoeleka ni kutengenezewa kibebeo cha plastiki kinachokaa sawasawa na meno yako, unatia jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, unalala nayo, kwa wiki mbili hivi. Meno huweza kushika ganzi siku za mwanzo, kisha huachia. Ndiyo maana nasema miezi miwili, usije ukawa na ganzi siku ya pilau. Mabaka ya floridi na mistari ya tetrasaiklini huchukua muda mrefu zaidi, na mengine hayatoki yote. Daktari atakwambia mapema.

Angalieni saluni zinazong'arisha meno kwa taa ya buluu na chupa isiyo na maandishi. Ulaya tangu 2011 wameweka sheria kwamba bidhaa ya meno yenye peroksaidi inayopita asilimia 0.1 haiuzwi holela, na ile ya hadi asilimia 6 huanzia kwa daktari wa meno. Hapa kwetu daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na leseni yake unaweza kuitafuta kwenye tovuti yao kabla hujalala kwenye kiti. Mimi napaka rangi nyuso miaka mingi na sithubutu kumtia mtu peroksaidi kinywani.

Wiki ya mwisho, punguza kahawa, chai kavu na chochote chenye bizari ya manjano nyingi. Ukimaliza singo, ule usingaji wa mwili wa bibi harusi, mikono ikiwa bado ya manjano, usiushike mswaki kwa ncha ya nywele zake. Nimeshaona.

Na kwa wazee wanaouliza kuhusu mswaki wa mti, ule wa kuuzwa nje ya misikiti Mji wa Kale: mzuri, endeleeni. Kata ncha iliyochakaa kila siku, tafuna nyingine hadi ilainike, pitisha kwa upole kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Unaondoa ukoga ukiwa bado laini. Ila fuatisha dawa yenye floridi angalau usiku.

Sasa bibi harusi wangu wa mstari mweusi. Tulihangaika kwa uzi na mswaki laini wa mtoto wa dada yake, tukatoa nusu yake. Mpiga picha alikuwa anagonga mlango. Alitaka rangi ya mdomo ya chungwa, iliyolingana na maua yake. Nikamkatalia, kwa sababu chungwa huyavuta meno kuwa manjano. Nikachukua nyekundu iliyoelekea zambarau, ile inayofanana na zabibu, ambayo huyasukuma kuwa meupe, nikamchora mdomo wa juu ushuke kidogo kuliko asili yake ufunike ule mstari wa fizini. Picha za kwanza alifumba. Ilipofika usiku, kaka yake alipoanza kucheza chakacha kwa kuiga mashangazi, alisahau, akacheka kinywa wazi, na ndiyo picha iliyotundikwa sebuleni kwao.